Mtungi Uliojaa

Nyumbani kwa kina Gatakaa, siku huanza kwa sauti ya maziwa yakigonga ndoo. Kabla jogoo hajamaliza kelele zake, Mama huwa ameshaketi kwenye kigoda zizini, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Mwezi wa Agosti ukungu hushuka kutoka mlimani, ukafunika vijiji vyote vilivyo juu ya mji wa Nkubu, na baridi yake si ya mzaha. Hata hivyo, likizo hiyo Gatakaa hakuhitaji kuamshwa na mtu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amepewa mtungi.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa alumini, wa lita kumi, wenye bonde dogo ubavuni ambapo uliwahi kuangushwa. Kwa miaka mingi Mama aliupeleka mwenyewe kwenye banda la maziwa kando ya barabara, mahali ambapo wakulima wa kijiji hukusanya maziwa yao na kungoja gari la chama chao cha ushirika. Gatakaa aliiomba kazi hiyo tangu mwezi wa nne. Aliomba kwa maneno, akaomba kwa kununa, akaomba kwa kuosha vyombo bila kutumwa, hata Mama akasalimu amri.

"Haya, chukua," Mama alisema siku shule zilipofungwa. "Lakini ujue hayo ni maziwa ya kwenda kunywewa na watu."

Gatakaa alikuwa na sababu yake ya kuukimbilia ukubwa. Mwezi wa Machi familia yote ilikwenda kwenye harusi ya binamu yake, naye akaketishwa mkekani pamoja na mdogo wake Koome, mwenye miaka sita, na watoto wengine waliokuwa wakimwagiana wali. Alipewa juisi katika kikombe cha plastiki chenye picha ya sungura. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kueleza. Tangu siku hiyo alitaka dunia nzima ijue kwamba yeye si mtoto tena.

Koome naye alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni Mama huwapima urefu kwa kuchora mstari wa makaa, na Koome aliamini kwamba mtu huwa mkubwa siku atakapofika kwenye bawaba ya juu. Gatakaa alikuwa amebakiza vidole viwili tu. Kila asubuhi alipita mlangoni hapo akiwa amenyoosha shingo.

Zizini mlikuwa na ng'ombe wawili. Doa alikuwa mdogo, na maziwa yake hayakuzidi lita nne. Jumapili, aliyezaliwa siku ya Jumapili watu wakiwa kanisani, ndiye aliyekuwa akiujaza mtungi. Bahati mbaya, Ijumaa moja ng'ombe huyo aliamka na kiwele kilichovimba, na maziwa yake yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo aliitwa, akamdunga sindano siku tatu mfululizo. Gatakaa ndiye aliyemshikia kichupa cha dawa, na kwa kuwa alipenda kusoma kila kitu, alisoma jina lililoandikwa pale: penisilini.

"Maziwa yake mtayamwaga mpaka Alhamisi asubuhi, na siku hiyo mnipigie simu kwanza," daktari alisema akinawa mikono. "Msidanganywe na rangi. Yatakuwa meupe na yatanukia vizuri, lakini dawa imo ndani, na haiishi kwa kuchemshwa."

Basi kuanzia siku ya kwanza ya sindano Mama alimfunga Jumapili kitambaa chekundu mguuni. Alimkamua mwisho, kwenye ndoo nyeusi kuukuu, na maziwa yake yakamwagwa katika shimo chini ya migomba. Gatakaa akawa anabeba mtungi usiofika hata nusu.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika banda la maziwa kuna benchi moja refu la mbao ambalo wakulima hukalia wakingoja kupimiwa, na watoto waliotumwa husimama kando ya ua. Katikati ya benchi hilo huketi Mzee Gikunda, jirani yao, ambaye hakuna kijijini asiyewahi kuonja ulimi wake. Jumatatu Mzee Gikunda alichungulia ndani ya mtungi wa Gatakaa akauliza kama paka wao ndiye aliyekamuliwa. Watu wakacheka. Jumanne aliuliza kama paka huyo naye ameugua. Kisha akamwita "kaana", yaani kitoto, akamwambia amwite mama yake alete maziwa ya maana. Gatakaa alirudi nyumbani machozi yakimlenga, akaapa kimoyomoyo kwamba hatachekwa siku ya tatu.

Jumatano Mama alimkamua Doa mapema, kwa kuwa alitakiwa kuwahi kuchuma chai kwenye shamba la juu. Alifunga kitenge chake, akachukua kikapu, akamwachia Gatakaa maagizo akiwa tayari njiani. Amkamue Jumapili polepole, amwage maziwa yake chini ya migomba, kisha apeleke mtungi. Ilikuwa mara ya kwanza Gatakaa kuachiwa ng'ombe peke yake, na moyo wake ulijaa furaha hata akasahau baridi.

Jumapili alitulia vizuri. Kiwele kilikuwa kimenywea, chuchu zilikuwa laini, na maziwa yalitoka meupe pe, hayana bonge hata moja. Ndoo nyeusi ikajaa povu. Gatakaa aliyatazama, kisha akautazama mtungi uliokaribia nusu pale mlangoni. Alijiambia kwamba Alhamisi ni kesho tu. Alijiambia kwamba daktari naye huongeza siku ili watu waogope. Alijiambia kwamba mtu mzima huamua mambo kwa macho yake mwenyewe, hangoji kuambiwa kila kitu.

Akamimina.

Koome alikuwa mlangoni akitafuna kiazi cha jana. "Mbona huyamwagi?" aliuliza.

"Haya ni mambo ya watu wakubwa," Gatakaa alimjibu, akafunga kifuniko.

Njiani mtungi ulimlemea bega, na uzito huo ulimpendeza. Alipofika bandani, Muthamia, kijana anayepokea maziwa, alitumbukiza kipimo chake, akatikisa matone machache katika kichupa cha majaribio, akatikisa na kichwa pia kukubali. Maziwa hayakuwa na maji wala uchachu. Vipimo vya banda havikuweza kuona zaidi ya hapo. Mzee Gikunda akainuka kidogo, akachungulia.

"Leo umeleta maziwa, si harufu ya maziwa," alisema. "Huyu sasa amekuwa mwanamke."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Gatakaa alikuwa amelitia kabla hata ya kusifiwa. Alisimama pale uso ukimng'aa, akimtazama Muthamia akiyamimina maziwa yake katika mtungi mkubwa wa lita hamsini. Maziwa ya Jumapili yalipotea humo katikati ya maziwa ya wakulima wanane.

Alikuwa anasuuza mtungi wake bombani alipofika Maxine, mwanafunzi mwenzake, na jagi mkononi. Baba yake Maxine alikuwa karani katika ofisi moja mjini Nkubu, na kwa kuwa wao hawakufuga, Maxine alitumwa bandani kila asubuhi kununua lita moja kabla gari halijafika. Muthamia alimchotea kutoka mtungi mkubwa. Wasichana hao wawili wakaondoka pamoja wakipiga soga, kwa maana njia yao ilikuwa moja hadi kwenye kona.

"Ni ya Nelius haya," Maxine alisema akilishika jagi kwa mikono miwili. Nelius alikuwa dada yake wa miaka miwili. "Mami hakubali anywe maziwa ya dukani. Anasema ya hapa anajua yametoka kwa nani."

Gatakaa aliuliza kwa nini mama yake ana wasiwasi hivyo.

"Si ule wakati alidungwa sindano ya penisilini, mwaka jana. Alifura uso, haki, macho yakapotea kabisa. Akawa hawezi kupumua vizuri. Tulikaa hospitali siku nne. Daktari akasema hiyo dawa asiiguse tena, hata kidogo."

Maxine aliendelea kusimulia, lakini Gatakaa hakusikia tena. Alikuwa anakiona kile kichupa mkononi mwake, na herufi zake moja moja. Alilitazama jagi, akamwona akilini Nelius akikikumbatia kikombe, na hofu iliyompata hapo haikuwa ya kuchapwa wala kuchekwa. Alimhofia yule mtoto.

Njia aliyoiona kwanza ilikuwa rahisi. Alijifanya amejikwaa kwenye jiwe, akamwangukia Maxine kwa bega, na jagi likaruka. Maziwa yote yakaingia vumbini. Gatakaa akaomba msamaha mara tatu, huku ndani yake akishusha pumzi. Nelius alikuwa salama, na hakuna mtu aliyejua lolote.

Maxine alilitikisa jagi tupu, akacheka. "Usijali. Maji yakimwagika hayazoleki. Wacha nirudi, Muthamia aniongeze mengine."

Akageuka kurudi bandani.

Gatakaa alibaki amesimama katikati ya njia. Maziwa ya mtungi mkubwa yalikuwa yaleyale. Hata angemwangusha Maxine mara kumi, gari lingekuja, na maziwa yangekwenda kwa watoto ambao hangewaona wala kujua majina yao, na huko hakungekuwa na mtu wa kujikwaa. Alifikiria benchi lile na macho yaliyolikalia. Alifikiria Mama atakavyomtazama. Alijua pia kwamba akisema, mtungi atanyang'anywa, na pengine asiupate tena mpaka amalize shule. Mlio wa gari la chama ukasikika ukipanda mlima.

Alikimbia. Alimpita Maxine, akafika bandani akihema, na Muthamia alikuwa ameinama tayari na kipimo cha lita moja.

"Usimpe," Gatakaa alisema. "Hayo maziwa yana dawa. Ng'ombe wetu alidungwa sindano, na mimi nimeyatia humo. Mama hakujua. Ni mimi."

Muthamia alikirudisha kifuniko polepole, akakikandamiza, akauliza ni dawa gani na ya lini. Gatakaa alijibu yote, hakupunguza neno. Kisha watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alisema amekamua tangu saa kumi alfajiri kwa kazi bure. Mwingine aliuliza ni nani aliyemtuma mtoto na kazi ya watu wazima. Gatakaa alilia, lakini hakuondoka.

Gari lilipofika, Muthamia alipakia mtungi wa pili, ambao haukuguswa na maziwa ya Jumapili. Ule mwingine aliuweka kando. Maxine alichotewa lita yake kutoka mtungi huo wa pili kabla haujapakiwa, akasimama akimtazama rafiki yake kwa mshangao. Alikuwa ameanza kuelewa ile habari ya kujikwaa. Muthamia akampigia Mama simu.

Mama alifika akiwa bado na kikapu cha chai mgongoni. Hakupaza sauti.

"Ni kweli?" alimuuliza Gatakaa.

"Ni kweli, Mama."

Mama aliutua mzigo, akawageukia watu wa benchi, akawaomba radhi kama aliyekosa mwenyewe. Aliwaambia kwamba maziwa ya Doa ya wiki hiyo yote yatakuwa yao, mpaka kila mmoja arudishiwe sehemu yake. Baadaye yeye na Gatakaa wakaubeba mtungi mkubwa, huku na huku, mpaka nyuma ya banda, wakachimba shimo na kumwaga. Maziwa yalikuwa mengi, meupe, na yalichukua muda kuisha. Gatakaa alilazimika kuyatazama mpaka tone la mwisho.

Walipokuwa wanafukia, Mzee Gikunda alikuja akiburuta viatu. Maziwa yake lita tisa yalikuwa shimoni humo. Alimwambia Mama kwamba asimpige mtoto. "Huu mdomo wangu nao una sehemu yake," alisema. "Nilimcheka kwa sababu ya nusu mtungi, na nilijua mna ng'ombe mgonjwa."

Siku hiyo ilipita bila kelele nyingi. Jioni, Mama alipokuwa anakoroga githeri ya mahindi na maharagwe jikoni na Koome akiota moto, Gatakaa aliuleta mtungi. Alikuwa ameusugua hata ukang'aa, pamoja na lile bonde la ubavuni. Akauweka miguuni pa Mama.

"Nakurudishia," alisema. "Kumbe mimi bado ni mtoto."

Mama aliweka mwiko chini. Alimvuta Gatakaa kando yake kwenye kigoda, mahali palipotosha mtu mmoja na nusu.

"Ulipomimina yale maziwa asubuhi ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na ulipoliangusha jagi la Maxine? Ndiyo, mama yake amenieleza."

"Kumi na miwili."

"Na ulipowaambia wale wazee ukweli?"

Koome, aliyependa hesabu, akamjibia: "Bado kumi na miwili. Na hajafika kwenye bawaba."

Mama alicheka, na kicheko chake kikamtoa Gatakaa machozi mapya, ya kupoa moyo. "Umesema vyema, Koome. Mlango huo unapima urefu tu, na urefu huja wenyewe hata ukilala. Ukubwa hauji hivyo." Akamgeukia Gatakaa. "Ulidhani mkubwa ni yule asiyeuliza mtu. Mimi nimelea ng'ombe miaka ishirini na bado namuuliza daktari. Ulidhani pia mkubwa ni yule asiyechekwa. Mwanangu, mtu mzima huchekwa na bado akafanya lililo sawa. Na akikosea hatafuti pa kujificha. Anamtafuta aliyemkosea, amwambie, kisha anashika jembe afukie shimo. Wewe leo ulikuwa mtoto asubuhi, na saa mbili ukawa mkubwa. Kesho unaweza kuwa mtoto tena. Hata mimi hunitokea."

"Sasa mtungi utapeleka nani?" Koome aliuliza.

"Mwenye mtungi," alisema Mama, akausogeza kuelekea kwa Gatakaa. "Juzi nilikupa kwa sababu ulinichosha kwa kuomba. Leo nakupa kwa sababu nakuamini. Sikujua kama ningekuamini mpaka ulipokosea."

Alhamisi asubuhi Mama alimaliza kumkamua Doa. Jumapili alikuwa amesimama na kitambaa chake chekundu, kiwele kizuri, na siku iliyotajwa na daktari ilikuwa imefika. Mama alimwuliza Gatakaa wafanyeje.

"Daktari alisema tumpigie kwanza," Gatakaa alijibu.

Walimpigia. Daktari akasema wangoje hadi jioni, wawe na hakika. Basi maziwa ya ndoo nyeusi yakaenda chini ya migomba kwa mara nyingine, na Gatakaa akaubeba mtungi usiofika nusu, akashuka nao katika ukungu. Wakulima wote walikuwepo, na Mzee Gikunda alikuwa mahali pake, katikati ya benchi. Gatakaa akaelekea kando ya ua, wanakosimama watoto.

"Lete nione," Mzee Gikunda alisema.

Gatakaa alifungua kifuniko. Mzee akachungulia kwa muda mrefu.

"Nusu," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Hata nusu haifiki."

"Muthamia, pokea bila wasiwasi," Mzee Gikunda alisema. "Haya yametoka kwa mtu anayesema kilichomo ndani."

Kisha akajisogeza, akamsukuma jirani yake kwa kiwiko, na jirani akamsukuma mwenzake, mpaka nafasi ikapatikana katikati ya benchi. Akaipigapiga kwa kiganja. Gatakaa aliketi, mtungi akaupakata magotini, akangoja zamu yake pamoja na watu wazima. Miguu yake haikufika chini.